Mwenye bunduki ndiye atoe sababu

Fundi mmoja wa umeme ninayefanya naye kazi hapa Texas, mtu asiye na digrii ya sheria wala ya kitu kingine chochote, ameyahifadhi kwa ghibu Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani. Ni sentensi moja ya maneno 27: kwa kuwa mgambo uliopangwa vizuri ni wa lazima kwa usalama wa taifa huru, haki ya watu ya kumiliki na kubeba silaha isivunjwe. Anaikariri bila kukosea, kisha anakuonyesha koma ziko wapi na kwa nini watu wazima wamezigombania mpaka Mahakama ya Juu. Juzi wakati wa chakula cha mchana nikamwambia hata kwetu Kenya vijana wameihifadhi katiba, na kifungu wanachokijua kuliko vyote ni cha 37. Akataka kukisikia. Nikakitafuta kwenye simu nikamsomea: kila mtu ana haki, kwa amani na bila silaha, kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa wakuu wa umma. Akanikatiza hapo kwenye "bila silaha". Akaniuliza, bila dharau, kwa mshangao wa kweli: "Sasa serikali yenu mnaizuia kwa kitu gani?"

Swali hilo limenikaa kooni. Ningetaka kumjibu yeye ingebidi kwanza nimsimulie mambo ambayo nyinyi mmeyaishi, kwa hiyo nawajibu nyinyi.

Na kabla sijafika mbali, najua kuna mtu tayari anaandika kwamba mimi nimepanda ndege nikajifanya mwalimu wa wenzangu. Ndugu yangu, soma kwanza. Nusu ya haya ni malalamiko yangu juu ya hapa nilipo.

Texas, tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haijamkataza kumiliki silaha anaweza kutembea na bastola hadharani bila leseni yoyote. Asiyetaka bunduki ndani kwake ndiye anayetakiwa kubandika ilani. Na si karatasi yoyote tu. Maneno yametungwa na sheria, yaandikwe kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisipungue inchi moja, rangi itofautiane na ya nyuma yake ili isomeke. Iko moja ya wenye bastola iliyofichwa na nyingine ya wanaoibeba ikionekana. Kanisa letu, tunamokutana Wakenya wengi wa mji huu, limeyabandika mabango hayo kwenye kioo cha mlango, yamefunika karibu kioo kizima, na ratiba ya maombi ya Ijumaa imebanwa pembeni. Hili linanikera kuliko risasi zenyewe: anayeomba utulivu ndiye ajieleze kwa herufi za inchi moja, na mwenye chuma kiunoni hadaiwi neno.

Watu wanapobishana juu ya haki ya kubeba silaha hutaja mgambo, hutaja mababu, hutaja majambazi. Mimi naona swali moja tu limelala chini ya yote: nani anadaiwa sababu?

Kwetu jibu tunalijua tangu utotoni. Mwananchi ndiye anayedaiwa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka umridhishe mtoa leseni kwamba una sababu nzuri ya kuwa na bunduki na kwamba hutahatarisha umma. Unatafuta cheti cha tabia njema, unachukuliwa alama za vidole, unahojiwa, unasubiri. Mfugaji hapati. Mheshimiwa anapata, na sote tumeona video za bastola zikichomolewa kwenye mikutano ya siasa.

New York nao walikuwa hivyo. Tangu mwaka 1913 sheria yao ilimtaka anayeomba kibali cha kutembea na bastola aonyeshe haja ya pekee, tofauti na ya watu wengine. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Juu ililifuta sharti hilo, majaji sita kwa watatu, katika kesi inayoitwa Bruen. Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba hakuna haki nyingine ya kikatiba ambayo raia huipata pale tu anapomthibitishia afisa wa serikali kwamba ana haja ya pekee. Niliisoma hoja hiyo mara nyingi. Sipendi mahali ilipowapeleka, lakini nilitamani mtu aiandike Nairobi. Isiwe kwa ajili ya bastola. Iwe kwa ajili ya maandamano. Sheria yetu ya Utulivu wa Umma inasema waandaaji watoe taarifa kwa polisi, si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku 14 kabla. Taarifa. OCS, mkuu wa kituo cha polisi, anaisoma kama ombi la kibali. Anauliza mnataka nini mjini, mmelipwa na nani, kwa nini msiende uwanjani. Haki imeandikwa kwenye katiba, na bado unasimama mbele ya meza ya mtu ukijieleza.

Huo ndio wivu wangu, na naona ni wivu halali. Mmarekani anayeshika katiba yake mkononi huanza na dai kwamba serikali ndiyo ijieleze. Fundi yule haombi. Anadai.

Lakini tazama jinsi wanavyoitaka serikali ijieleze, hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Kwa miaka mingi mahakama zao za chini ziliyasoma maneno yale kama haki inayohusu mgambo wa majimbo, kwa kufuata kesi ya Miller ya mwaka 1939 iliyohusu bunduki iliyokatwa mtutu. Mwaka 2008 ikaja kesi ya Heller. Dick Heller alikuwa mlinzi katika jengo la serikali mjini Washington. Kazini alibeba bastola, nyumbani alikatazwa, kwa sababu jiji lilikuwa limepiga marufuku bastola tangu 1976. Majaji watano kwa wanne wakasema haki ni ya mtu binafsi, ya kujilinda nyumbani kwake. Jaji Antonin Scalia aliisoma sehemu ya mgambo kama utangulizi tu. Jaji John Paul Stevens akapinga, akasema huwezi kuutupa utangulizi kana kwamba waandishi waliuweka kwa pambo. Hata Scalia, wenye kumtaja kila siku hawapendi kulikumbuka hili, aliandika kwamba haki hiyo ina mipaka: marufuku kwa waliopatikana na makosa makubwa, marufuku shuleni na kwenye majengo ya serikali, zote zinabaki.

Hadi hapo naelewa. Bruen ndiyo iliyoniacha nyuma. Ilisema serikali ikitaka kuzuia silaha haitoshi kuonyesha kwamba sheria yake inaokoa maisha. Lazima ionyeshe kwamba sheria hiyo inaendana na desturi ya kihistoria ya nchi, hasa ile ya wakati Marekebisho ya Pili yalipopitishwa, mwaka 1791. Kwa hiyo mawakili wakajaa kwenye makabati ya zamani kutafuta sheria za wakoloni, sheria za dhamana za Massachusetts za mwaka 1836, hata amri ya Kiingereza ya mwaka 1328. Watu wenye akili zao, wamelipwa vizuri, wanatafuta mfalme wa Uingereza alisema nini juu ya upanga sokoni ili wajue kama mwanamke wa leo anaweza kulindwa dhidi ya bastola ya mpenzi wake.

Sitii chumvi. Kesi ya Rahimi ilianzia Arlington, si mbali na hapa ninapoandika. Zackey Rahimi alimburuta mpenzi wake kwenye maegesho ya magari mwaka 2019, akafyatua risasi, na mahakama ikatoa amri ya kumzuia asimkaribie. Sheria ya taifa inamkataza mtu mwenye amri kama hiyo kuwa na bunduki. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya New Orleans ikasema sheria hiyo haina pacha katika historia, basi ni batili. Hebu fikirieni. Kwa kuwa watu wa karne ya 18 hawakuona haja ya kumnyang'anya silaha mume anayepiga, na sisi tusione. Mahakama ya Juu iliirudisha sheria hiyo tarehe 21 Juni 2024, majaji wanane kwa mmoja, na Jaji Mkuu John Roberts akawakumbusha kwamba kutafuta desturi si kutafuta pacha. Wanane wakakubaliana, lakini watano kati yao wakaandika kila mmoja maelezo yake ya ziada, hata majaji wa chini wakabaki wanauliza washike lipi.

Sasa niseme linalonifanya nitembee kifua mbele. Sisi tuliandika katiba yetu mwaka 2010 tukaiwekea humohumo maagizo ya jinsi ya kuisoma. Kifungu cha 259 kinasema ifasiriwe kwa namna inayokuza malengo na maadili yake, na kwamba sheria ichukuliwe kuwa inazungumza wakati wote. Inazungumza leo, na mtu wa leo. Kifungu cha 24 kinasema haki ikipunguzwa, anayetaka kuipunguza ndiye athibitishe kwamba kuna sababu ya haki na ya busara katika jamii iliyo wazi na ya kidemokrasia, na kwamba hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo hilo. Someni tena: anayetaka kuipunguza ndiye athibitishe. Lile ninalowaonea wivu Wamarekani sisi tunalo tayari, na tumelipata bila kulazimika kumfufua mtu wa 1791. Nilimweleza fundi haya, akanyamaza kidogo, akasema ni katiba nzuri. Ni nzuri. Niliwahi kuisikia ikisomwa na kina mama sokoni, na sijaona soko la namna hiyo hapa.

Halafu siku nne baada ya hukumu ya Rahimi ikafika tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, polisi walipowapiga vijana risasi.

Siwasimulii. Mlikuwepo, au mtoto wenu alikuwepo, au mlikesha kama mimi mkifungua simu kila dakika. Vijana walikuwa na bendera, chupa za maji, mabango ya katoni yaliyoandikwa namba 37. Walitimiza neno "bila silaha" kwa miili yao. Upande wenye bunduki ndio haukutimiza chochote.

Hapa ndipo ninaposikia sauti ya kijana fulani ikiniambia: unaona sasa, tungekuwa na Marekebisho ya Pili wasingetugusa. Nakuelewa, mdogo wangu, na hasira yako naichukua kwa uzito wote. Lakini bastola moja katika umati ule ingewapa kile walichokuwa wakikitafuta mchana kutwa: sababu. Wangekuita jambazi, wangekuita gaidi, na nusu ya nchi ingeamini. Hapa hapa Marekani, Julai 2016, Philando Castile alisimamishwa na polisi Falcon Heights, Minnesota. Alikuwa na leseni halali ya kubeba bastola, na alimwambia askari kwa adabu kwamba anayo. Akapigwa risasi ndani ya gari, mpenzi wake na mtoto wakiwa humo. Askari akaachiliwa huru mwaka uliofuata. Haki ya silaha, kwa mtu wa rangi yetu, inaweza kugeuka kuwa maelezo ya kifo chako.

Na wao Weusi wa huku wana sababu nzito za kuishika haki hiyo, sitaki kuwasemea vibaya. Mwaka 1865, vita vilipokwisha, Mississippi ilitunga sheria ya kuwakataza watu waliotoka utumwani kumiliki bunduki bila leseni. Aliyeshinda kesi dhidi ya Chicago mwaka 2010, iliyoifanya haki hiyo ibane majimbo na miji yote, alikuwa mzee Mweusi, Otis McDonald, aliyechoshwa na wezi mtaani kwake. Nilipolijua hilo nilimkumbuka Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, kupatikana na bunduki au risasi kulikuwa kosa la kunyongwa, huku masetla wakila chakula cha jioni na bastola mezani. Dedan Kimathi alishtakiwa Nyeri mwaka 1956 kwa kupatikana na bastola na risasi bila kibali, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Hati ya mashtaka ilikuwa ya kibali. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba sheria ya leseni ni kitu kitakatifu kilichoshuka mbinguni. Imewahi kutumika kuamua nani ni mtu.

Mwingine ataniambia habari ya Westgate, jengo la maduka la Nairobi lililovamiwa na magaidi, na hana makosa. Tarehe 21 Septemba 2013 baadhi ya waliotangulia kuingia kuwatoa watu walikuwa raia wenye leseni na bastola zao, kabla serikali haijajipanga. Waliokoa watu, Mungu awabariki. Lakini wale ni watu waliopitia mafunzo na kuhojiwa, wachache, wanaojulikana majina. Hilo ni jambo la leseni kufanya kazi yake, si la kila mtu kujibebea. Kwenye shule ya Uvalde, hapa Texas, Mei 2022, mtu alipoanza kuua watoto walifika maafisa karibu 400, wote na silaha, wakakaa zaidi ya saa nzima nje ya darasa. Wakafa watoto 19 na walimu wawili. Aliyeua alikuwa na miaka 18 na bunduki aliinunua dukani kihalali. Mwezi mmoja baadaye ndipo Bruen ikatoka.

Mtoto wangu yuko darasa la tatu. Wana zoezi: mwalimu anazima taa, wanakaa sakafuni wakiegemea ukuta usioonekana kutoka kwenye kioo cha mlango, viatu vyenye taa vinafunikwa kwa sweta. Alinieleza hilo la viatu huku akila ugali, kama mtu anayeeleza kanuni za kabumbu. Mwaka 2021 bunduki ziliua watu 48,830 nchi hii, zaidi ya nusu yao wakiwa wamejiua wenyewe. Hakuna desturi ya 1791 itakayonishawishi kwamba hiyo ni bei ya uhuru.

Hoja moja tu ndiyo inayonipa shida, nayo haitoki Texas. Inatoka Kapedo, Baragoi, bonde la Kerio, huko kaskazini mwa Kenya wanakoibiana mifugo kwa bunduki. Kama kuna mahali maneno yale ya mgambo uliopangwa vizuri yangeeleweka bila wakili, ni huko. Kituo cha polisi kiko mbali, mifugo ndiyo akiba na karo, na polisi wa akiba ni wanakijiji waliopewa bunduki na serikali walinde kwao. Mwaka 2019 serikali ilizichukua silaha hizo katika kaunti kadhaa. Majangili hawakurudisha zao. Mfugaji akiniambia kwamba mimi mwenye nambari ya dharura inayopokelewa sina ruhusa ya kumhubiria, nitanyamaza. Lakini nitamkumbusha pia Suguta, Novemba 2012, walipouawa polisi na polisi wa akiba zaidi ya 40 katika siku moja. Kaskazini bunduki ziko mikononi mwa watu tangu mimi sijazaliwa. Kama bunduki zingekuwa zinaizuia serikali, barabara ya Baragoi ingekuwa na lami na shule zake zisingefungwa.

Kwa hiyo sitaki Marekebisho ya Pili Kenya, na anayesema Marekani imeniharibu akili amenisoma vibaya. Nataka ule ukali wa fundi yule, ule wa kushika sentensi moja na kuikataza serikali isiibadilishe hata koma, uhamie kwenye kifungu cha 37, cha 24 na kwenye Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Hilo jedwali halisomwi sana. Linamwambia afisa lini anaruhusiwa kufyatua risasi, na kwamba matumizi ya nguvu yakisababisha kifo au jeraha baya, lazima IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, ijulishwe. Ndiyo sheria yetu ya kubeba silaha, na inamhusu mtu anayelipwa na kodi yetu kuibeba.

Mtaniambia IPOA ni meno ya plastiki. Basi msianzie IPOA. Kila bunduki inayotoka ghalani kituoni huandikwa kwenye daftari: namba yake, nani ameichukua, saa ngapi, risasi ngapi, na imerudi na ngapi. Wakili wa familia yoyote iliyomzika mtoto wake baada ya siku ile aombe daftari hilo kabla ya picha, kabla ya video, kabla ya shahidi yeyote. Na afisa akiiambia mahakama kwamba limepotea, aulizwe hapohapo siku hiyo ufunguo wa ghala ulikuwa kwa nani.